Stauti ya Soo Sita na Busaa ya Kukhu

Leo siongei mpira wala matatu. Leo ni historia, na inaanza na risiti.

Jumamosi mbili zilizopita tulikuwa wanne kwa keja ya beste yangu wa Donholm. Zamu ya kuleta vinywaji ilikuwa yangu, nikaamua kuwaonjesha kitu tofauti. Nilikuwa nimetoka kazi ya kupiga picha upande wa Westlands, nikapitia duka moja linalouza bia za krafti, yaani zile zinazopikwa kidogo kidogo na viwanda vidogo, si zile za kubebwa na malori. Nikachukua chupa nne za stauti. Kila moja soo sita. Ndio, umesoma vizuri. 600.

Yule wa Donholm akaonja, akanyamaza, akaonja tena. "Hii ni kama chokoleti ya watu wazima." Yule wa Umoja akasema ni Guinness iliyolala na kahawa. Yule wa Kayole, ambaye huwa hasemi mengi, akaigeuza chupa, akasoma karatasi yote mbele na nyuma, kisha akasema: "Hii ni pesa ya kegi ya wiki nzima. Hizi ni vitu za watu wa ng'ambo ile ya tao. Sisi Eastlands hatuna historia na hizi."

Tulicheka. Lakini usiku huo sikulala vizuri, na si pombe. Nilikuwa nawaza juu ya kukhu, mama ya baba yangu. Kukhu alikuwa mpishi wa pombe. Alipika kwa mikono yake, kidogo kidogo, kwa kipimo alichokijua mwenyewe, na wateja walitoka mitaa mingine kumfuata. Tofauti ni kwamba yeye hakuandikiwa karatasi ya chupa. Yeye aliandikiwa faini.

Kwa hivyo wacha nimjibu beste yangu wa Kayole. Sisi tuna historia na hizi. Tuna historia kuliko mtu yeyote jijini.

Twende mwanzo. Mwaka wa 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, pamoja na mshirika wao, walianzisha kampuni ya bia hapa Nairobi, kule Ruaraka. Desemba ya mwaka huo kreti zao za kwanza zilipelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker. Hiyo hadithi unaijua, kila mtu anaijua, imechorwa kwa chupa.

Sehemu ambayo haijachorwa kwa chupa ni hii: Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Si bei, ni sheria. Bia ya chupa ilikuwa ya Wazungu. Pombe kali ndiyo kabisa, usiguse.

Wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ilikuwa inawakusanya Waafrika wa Nairobi katika mtaa mmoja uliopangwa kwa ajili yao: Pumwani. Na huko Pumwani manispaa ikajipa haki ya peke yake ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji. Ikajenga ukumbi wake, ikaweka saa za kufungua na kufunga, ikaajiri wapimaji. Wazo hilo halikuzaliwa hapa. Lilitoka Durban, Afrika Kusini, ambako tangu 1908 sheria iliruhusu halmashauri ya mji kuwauzia Waafrika pombe yao wenyewe, kisha kutumia faida kulipia nyumba na huduma za Waafrika hao hao. Ukiangalia vizuri, ni ujanja wa hali ya juu. Unamlipa mtu mshahara mdogo, unamuuzia pombe aliyokuwa anapikiwa na jirani, halafu unamjengea choo kwa pesa yake na kumwambia ashukuru.

Jirani huyo sasa akawa mhalifu. Na jirani huyo, mara nyingi, alikuwa mwanamke. Kupika pombe nyumbani kwetu kulikuwa kazi ya mama, sawa na ugali. Mjini, mwanamke hakuajiriwa reli wala ofisini, kwa hivyo sufuria ya pombe ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Sheria ilipompa manispaa sufuria, ilimnyang'anya yeye.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho kilinifanya niweke simu chini kidogo. Stauti ilitoka wapi? Ilitoka London, karne ya 18. Kulikuwa na bia nyeusi iliyopendwa sana na wabeba mizigo wa jiji lile, mahamali wa sokoni na bandarini. Kwa Kiingereza hamali ni "porter", na bia hiyo ikaitwa porter kwa sababu yao. Ile iliyopikwa kali zaidi ikaitwa porter nene, yaani "stout porter", na baadaye watu wakafupisha wakabaki na stauti. Arthur Guinness wa Dublin, aliyekodi kiwanda chake mwaka wa 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000 (huyo hakuwa na wasiwasi wa landilodi), alikuja kupata jina kwa bia hiyo hiyo ya wabeba mizigo.

Halafu nikakumbuka Kariokor. Wewe unayepita hapo kununua viatu vya ngozi na nyama choma, unajua jina limetoka wapi? Carrier Corps. Kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, si risasi. Kambi yao ilikuwa pale, na ulimi wetu ukaifanya Kariokor.

Kwa hivyo fikiria. Mpagazi wa London ana bia yenye jina lake. Mpagazi wa Nairobi ana mtaa wenye jina lake, amebebea taji la Uingereza mizigo hadi akabaki mifupa, na akirudi haruhusiwi kuonja hiyo bia ya wapagazi wenzake. Mimi sijui wewe, lakini tangu nilipounganisha hizo mbili, stauti hunikaa tofauti mdomoni.

Sheria ya bia ya chupa ilikaa hadi 1947. Hapo ndipo Mwafrika wa Kenya akaruhusiwa kisheria kununua bia ya Kizungu. Na ghafla makampuni yakatuona. Allsopp ya Uingereza ikaja kufungua kiwanda chake Nairobi. Ndio, Allsops ile ile unayoshukia ukitoka Outer Ring kwenda Thika Road. Kiwanda kilikuja kumezwa na wale wa Ruaraka, lakini makanga bado wanaliita jina lake kila siku, na nusu ya abiria hawajui ni jina la bia.

Lakini usidhani wazee wetu waliruka tu kwa furaha kwa sababu wameruhusiwa. Mwishoni mwa 1953 kuingia 1954, wakati wa Mau Mau, kulikuwa na mgomo jijini: usipande mabasi, usivute sigara za Wazungu, usinywe bia ya Wazungu. Na haukuwa mgomo wa maneno tu, kuuvunja kungeweza kukugharimu maisha. Aprili 1954 wanajeshi wakaizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, nyumba kwa nyumba, na maelfu ya watu wakapelekwa kizuizini. Kwa miezi hiyo, chupa ya bia mkononi mwa mtu wa Eastlands ilikuwa inasema uko upande gani. Sisi leo tunagombana kama Pilsner ni tamu kuliko White Cap.

Uhuru ukaja. Bia ya chupa ikawa alama ya mtu aliyefika. Mzee akipata mshahara anaagiza moja, anaiweka mezani watu waione. Lakini mama wa sufuria? Kwake uhuru ulikawia.

Hapa ndipo kukhu anaingia. Alikuja Nairobi kumfuata babu aliyekuwa kibarua, wakakaa chumba kimoja Shauri Moyo. Babu alipofariki, yeye na watoto wanne wakateremka Mathare, karibu na mto, kwa sababu huko kulikuwa na kazi ya kupika busaa. Hakuwa peke yake. Mtafiti mmoja, Nici Nelson, alifanya utafiti Mathare Valley miaka ya 70 na kuandika jinsi wanawake wasio na waume wala ajira walivyojijengea maisha kwa biashara hiyo: walikopeshana kimea, walisaidiana kukaanga, walionyana askari wakija.

Wacha nieleze busaa inavyopikwa, kwa sababu wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Unakanda unga wa mahindi na maji, unauacha siku kadhaa uchachuke. Kisha unautandaza kwa bati juu ya moto, unaukaanga ukigeuza na kugeuza hadi uwe wa kahawia na uanze kunukia kama mkate ulioshika chini. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiharakisha, unaungua na pombe inakuwa chungu. Ukiogopa moto, pombe inakuwa maji. Pembeni una wimbi lako uliloloweka likachipua, ukalianika, ukalisaga: hicho ndicho kimea. Unachanganya vyote na maji, unangoja siku mbili tatu, unachuja. Inanywewa ikiwa vuguvugu, na kule nyumbani wazee huizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Na stauti je? Weusi wake na ule uchungu wa kahawa vinatoka kwa shayiri iliyokaangwa. Mwaka wa 1817 Mwingereza mmoja, Daniel Wheeler, alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea bila kukiunguza, na likabadilisha bia nyeusi kote Uingereza. Tatizo alilotatua Wheeler kwa pipa ndilo tatizo kukhu alitatua kwa bati na mkono. Yeye hakupata hataza. Alipata usiku tatu ndani, sufuria zikatobolewa, busaa ikamwagwa mtoni, na baba yangu akakaa nyumbani muhula mzima kwa sababu karo ililipa faini. Mzae huwa haongei juu ya muhula huo. Niliusikia kutoka kwa shangazi.

Sasa linganisha tarehe. Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter wa Marekani alisaini sheria iliyowaruhusu Wamarekani kujipikia bia nyumbani bila kodi. Watu wakaanza kupika kwa magereji na jikoni, wakabadilishana mapishi, wengine wakafungua viwanda vidogo. Huko ndiko wimbi la bia za krafti lilipopata nguvu, likazunguka dunia hadi likafika Westlands. Sisi miaka hiyo hiyo tulikuwa tunaenda upande wa pili. Vilabu vya busaa vilifungwa kwa amri, na 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Jikoni ya Mmarekani ilizaa krafti. Jikoni ya Mathare ilizaa kesi.

Najua kuna mtu ananiuliza: kwani umesahau waliokufa? Sijasahau. Novemba 2000, Mukuru, hapa hapa kwetu, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa ashu. Wengine waliamka vipofu. Ilikuwa na methanoli. Hiyo si hadithi ya kuchezea, na kama umewahi kumzika mtu kwa sababu hiyo, pole kutoka moyoni.

Lakini tutofautishe vitu. Chang'aa inakenekwa kwa mvuke. Busaa inachachuka tu, na ukali wake ni wa bia nyepesi. Hata chang'aa, sumu kubwa huingia pale mfanyabiashara anapoongeza kemikali za viwandani ili apate faida haraka. Na hilo hushamiri gizani, mahali ambapo hakuna anayepima. Ukimfukuza mama aliyepika kwa siku saba mbele ya majirani zake, hujaondoa kiu ya mtaa. Umemwachia nafasi mtu wa jeri na usiku.

Serikali yenyewe ilikubali hilo kwa njia yake. Mwaka wa 2004 ilipunguza ushuru ili Senator Keg iuzwe bei ya chini, watu watoke kwa chang'aa. Wakatoka. Ushuru uliporudishwa mwaka wa 2013, mauzo ya kegi yakaporomoka na watu wakarudi walikotoka. Mwaka wa 2010 sheria mpya, ile tunayoiita ya Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa na kusema sawa, pikeni, lakini muwe na leseni, viwango na chupa za kioo. Kwa karatasi ni haki. Lakini niambie ni mama gani wa Mathare ana pesa ya mashine ya kujaza chupa. Aliyekuwa na mtaji ndiye aliyeingia: leo tuna Brew Bistro ya Ngong Road iliyokuwa inapika bia yake, tuna Bateleur, tuna 254. Na mimi siwachukii. Wanapika vizuri, wameajiri vijana, na kila chupa yao ni ushahidi kwamba bia nzuri haihitaji kiwanda cha ekari mia. Ninachosema ni kwamba mlango walioupitia ulifungiwa watu wengine kwa karibu miaka mia.

Hata Uingereza ilianza hivyo. Zamani, kabla ya viwanda, ale ilikuwa inapikwa na wanawake nyumbani. Pesa kubwa ilipoingia, wanawake wakatoka. Kwa hivyo si laana ya Mwafrika. Ni tabia ya pesa. Ila pesa haiandiki historia peke yake kama sisi tunakumbuka.

Wiki jana nilibeba chupa moja ya ile stauti hadi Umoja, kwa shangazi, ambako kukhu anakaa sasa. Amevuka themanini. Haoni vizuri, lakini pua iko sawa. Nilimmiminia kidogo kwa kikombe cha chai. Akanusa. Akanusa tena. Akanywa tone.

"Hii walikaanga nini?"

"Shayiri, kukhu."

"Walikaanga vizuri. Lakini waliogopa kidogo mwisho." Akanirudishia kikombe. "Mnanunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani amelala. Kisha akasema, "Na hawashikwi?"

"Hawashikwi, kukhu."

Akatikisa kichwa, akaomba chai.

Nilimwomba nimrekodi akieleza mapishi yake, vipimo, siku, moto. Alikubali, lakini nilipotoa simu akaishika mkono wangu: "Ukiweka hapo, askari hawataijua nyumba ya shangazi yako?" Miaka arobaini na kitu tangu aache, na bado anauliza hivyo. Nilizima simu. Nikatafuta daftari. Tulifika kwa kimea tu, ijumaa ijayo tunafika kwa bati.

Basi haya ndiyo mapendekezo yangu, kwa sababu najua mlikuja kwa mapendekezo. Kama uko chini ya miaka 18, ishia hapa, umepata historia, inatosha. Kama unakunywa, chukua stauti moja ya kiwanda kidogo cha hapa nyumbani, mgawane wawili au watatu, si lazima kila mtu na chupa yake. Usiigandishe. Ukiulizwa moto au baridi, sema moto kidogo, acha ikae nje ya friji dakika kumi na tano, ndipo ladha ya kukaangwa itoke. Wale wazee tuliowacheka kwa kunywa "moto" walijua. Kunywa polepole, kula kitu, na usipande boda ukiwa umelewa. Na ukionja ule moshi mwishoni, kumbuka kuna mtu kwenu aliyeujua kabla ya Westlands kuujua.

Nilimtumia yule wa Kayole hii hadithi kabla ya kuiandika hapa. Alikaa saa mbili bila kujibu, ndivyo alivyo. Kisha akaandika: "Bibi yangu alipika Korogocho. Nilikuwa naona aibu kusema."

Jumamosi hii anakuja na mimi kwa shangazi. Tumekubaliana kila mmoja abebe daftari.